Utegemevu wa Vyombo vya Moto Mlimani: Utangulizi

Swali linaloulizwa kuliko yote kwenye gereji za Pasua, mjini Moshi, ni hili: pikipiki gani ni imara? Anayeuliza mara nyingi ana fedha za kikoba mfukoni, au mkopo ambao marejesho yake yanakaribia, na anataka jibu la neno moja. Atalipata. Huyu atamwambia Boxer, yule TVS, na mwingine aliyekaa kwenye benchi atasema Honda za zamani ndizo zilikuwa mashine, hizi nyingine ni mabati tu. Kila mmoja ana ushahidi wake, na kila ushahidi una ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba swali lenyewe halijakamilika. Imara kwa kazi gani? Kwenye njia ipi? Kwa muda gani? Mikononi mwa nani?

Taaluma ya utegemevu na matengenezo inaanzia kwenye maswali hayo manne. Kwa ufupi, utegemevu ni uwezekano wa chombo kufanya kazi iliyokusudiwa bila hitilafu, kwa muda uliotajwa na katika mazingira yaliyotajwa. Ondoa kipengele kimoja na maelezo yote yanapoteza maana. Pikipiki inayopeleka bahasha ofisini katikati ya mji wa Moshi na nyingine inayopandisha mifuko ya saruji Uru hazina utegemevu mmoja, hata kama zilitoka kiwandani siku moja. Hoja ya utangulizi huu ni kwamba utegemevu haukai ndani ya chombo peke yake. Unatokana na chombo, njia na mkono unaokitunza, vyote kwa pamoja, na unaweza kupimwa kwa vifaa ambavyo fundi wa kawaida anavyo.

Kwa nini Pasua? Kata hii iko upande wa kusini wa Manispaa ya Moshi, kwenye tambarare, mita kama 800 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo dereva anaweza kuteremka hadi mashamba ya miwa ya TPC, kwenye joto na vumbi, akarudi mchana na kupanda mlimani hadi Kibosho, Uru au Marangu, kwenye baridi na udongo mwekundu unaoteleza. Vituo vingi vya utafiti vingehitaji bajeti kubwa kupata mazingira mawili yanayotofautiana kiasi hicho. Hapa tofauti hiyo ni nauli ya asubuhi na nauli ya jioni.

Vyombo vya njia ngumu humkumbusha mtu pikipiki za michezo za magurudumu manne, zile zinazoruka matuta ya mchanga kwenye video. Zina nafasi yake katika somo hili. Yamaha Raptor 700, iliyoanza na toleo la mwaka 2006, ina silinda moja na inasukuma ekseli ya nyuma kwa cheni. Pikipiki ya cc 125 au 150 inayopanda Uru nayo ina silinda moja na cheni. Adui zao pia ni wale wale: vumbi, maji, joto, mtikisiko na mzigo. Anayeielewa moja ameshaanza kuielewa nyingine, na tutaona baadaye kwa nini ya bei ndogo hufanya kazi siku nyingi zaidi.

Ilikotoka taaluma hii

Taaluma hii ilizaliwa na ajali. Mei 1842, treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilianguka baada ya ekseli ya kichwa chake kukatika, na makumi ya abiria wakafa. Katika miongo iliyofuata, mhandisi Mjerumani August Wöhler alizijaribu ekseli za treni na kuonyesha kwamba chuma hukatika kwa mzigo mdogo sana, ilmradi mzigo huo urudiwe mara nyingi vya kutosha. Huo ndio uchovu wa chuma. Fundi aliyewahi kuona keria ikipasuka pembeni mwa alama ya kuchomelea, miezi mingi baada ya kufungwa na bila ajali yoyote, ameuona uchovu huo kwa macho yake.

Karne moja baadaye Wasweden walileta hesabu. Mwaka 1947 Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren walitoa kanuni ya umri wa beringi, na mwaka 1951 Waloddi Weibull alichapisha makala ya hesabu ambayo hutumika hadi leo kusoma mpangilio wa hitilafu: kama zinatokea mapema kwa sababu ya ubovu wa kutengenezwa, kama zinatokea kwa bahati, au kama zinaongezeka kadiri chombo kinavyozeeka. Kanuni ya beringi inafaa kubandikwa ukutani kwenye kila kijiwe. Umri wa beringi ya gololi hupungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo. Ukiongeza mzigo kwa robo tu, umri unakaribia nusu. Ukiuongeza maradufu, umri unabaki sehemu moja ya nane. Dereva anayebeba abiria kwa mtindo wa mishikaki kila siku halipi gharama hiyo siku hiyo. Anailipa baadaye, gurudumu la nyuma linapoanza kuyumba, na kwa wakati huo atakuwa ameshamlaumu muuza spea.

Afrika Mashariki haikuachwa nyuma katika somo hili. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara zilezile za wananchi. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena 7. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404, na kati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania alishinda kwa gari la aina hiyohiyo. Peugeot 404 lilikuwa gari la familia, na magari yenye kasi zaidi yalikuwepo. Matope ya masika ndiyo yaliyobadilisha maana ya gari bora: likawa lile linalofika.

Mlima unafanya nini kwa injini

Tuanze na hewa. Kutoka Pasua hadi lango la Marangu, lililo juu ya mita 1,800, mgandamizo wa hewa hupungua kwa zaidi ya asilimia 10. Injini yenye kabureta haina habari. Inaendelea kupokea petroli kwa kipimo cha kule tambarare huku hewa ikiwa imepungua, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito: plagi inatoka nyeusi yenye masizi, nguvu inapotea, mafuta yanaliwa. Dereva analaumu petroli. Fundi wa mjini anarekebisha kabureta, pikipiki inatulia kwenye sailensa pale gerejini, na tatizo linarudi palepale Marangu. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Kipimo kilifanyika mahali ambapo ugonjwa haupo. Mifumo ya kisasa ya kupuliza petroli hupima hewa na kujirekebisha yenyewe, lakini inadai betri nzima, nyaya safi na fundi mwenye kifaa cha kuisoma.

Kisha mteremko. Chukua pikipiki ya kilo 120, watu wawili wenye jumla ya kilo 130, na mkungu wa ndizi na vikorokoro vya kilo 30. Uzito wote ni kilo 280. Ukishuka nao mita 1,000 za kimo, nishati inayopaswa kwenda mahali fulani ni takriban megajuli 2.7, kiasi kinachotosha kuchemsha lita 8 za maji ya bomba. Upepo na matairi huchukua sehemu yake. Injini, ikiachwa kwenye gia ndogo, huchukua sehemu nzuri pia. Lakini wapo wanaozima injini na kuweka nyutro ili kuokoa mafuta, na hapo joto karibu lote linaingia kwenye breki. Brekishuu zikipata moto kupita kiasi hupoteza ushikaji, na dereva anakanyaga pasipo jibu. Petroli iliyookolewa ni ya mamia machache ya shilingi. KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971 pale Moshi, inapokea majeruhi wa pikipiki kila mara. Si kila ajali inatokana na ubovu wa chombo, ila breki ni sehemu moja ambayo taaluma hii haikubali kuijadili kwa fedha peke yake.

Kiangazi kina shughuli yake. Vumbi la njia za chini huziba sponji ya chujio la hewa, na baadhi ya madereva hulitoa chujio kabisa ili injini ipumue. Inapumua kweli, lakini inavuta chembe ngumu ambazo hukaa kati ya ringi na ukuta wa silinda na kusaga pande zote mbili. Baada ya muda ekzosi inatoa moshi wa bluu, injini inakula oili, na mwenye chombo anaambiwa afanye ovahoo. Masika nayo huleta tope linalojaa kwenye cheni na kupenya sili za beringi. Ratiba ya matengenezo iliyoandikwa kiwandani haijui kama uko Machi au Agosti. Wewe unajua.

Cheni, rula na oili

Nilisema utegemevu unapimwa. Mfano mzuri wa kuanzia ni cheni, kwa sababu iko nje na inaonekana. Cheni ya namba 428, ambayo iko kwenye pikipiki nyingi za ukubwa huu, ina pini zilizoachana milimita 12.7. Ivute ikaze, hesabu hatua 20 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, kisha weka rula. Cheni mpya itasoma milimita 254. Ikisoma 259 imerefuka kwa asilimia 2, na huo ndio mpaka unaokubalika wa kuibadilisha. Kinachorefuka hapo si chuma. Ni pini na matundu yake yanayolika kidogo kidogo, kila kiungo kikichangia sehemu ndogo ambayo jicho haliioni. Meno ya sproketi hulika kufuata urefu huo, ndiyo maana cheni mpya juu ya sproketi iliyochongoka huisha upesi. Na wanaopaka cheni oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini wanailainisha na kuisaga kwa wakati mmoja, kwa kuwa oili ile imebeba vumbi la chuma.

Oili yenyewe inastahili aya yake. Kwenye pikipiki nyingi, oili moja hulainisha injini, gia na klachi. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ukizitumia, klachi inaweza kuanza kuteleza mlimani. Tafuta kwenye kopo maandishi JASO MA, kiwango cha Wajapani kwa ajili ya klachi zinazozama kwenye oili. Kuhusu muda wa kumwaga oili, piga hesabu kwa kilomita na wala si kwa kalenda ya jirani: anayekwenda kilomita 100 kwa siku anafikisha 3,000 kwa mwezi mmoja, ilhali mwenye pikipiki ya kwenda kanisani Jumapili huenda asifikishe hizo kwa mwaka. Pikipiki za michezo za magurudumu manne huhesabiwa kwa saa za injini, kwa sababu saa moja ya kukimbizwa mchangani haina kilomita nyingi lakini ina mateso mengi. Bodaboda anayekaa kwenye gia ya kwanza kuelekea Uru Shimbwe yuko karibu na hesabu hiyo ya saa kuliko anavyodhani.

Hesabu mbili za kuanzia

Ya kwanza ni ya viungo vinavyotegemeana. Tuseme chombo kina sehemu 20 ambazo yoyote ikiharibika, safari imeishia hapo. Kila moja ina uwezekano wa asilimia 99 wa kumaliza mwezi salama. Inaonekana nzuri mno. Lakini zidisha 0.99 kwa yenyewe mara 20 na utapata 0.82: kati ya pikipiki 100 za namna hiyo, 18 hivi zitakwama ndani ya mwezi. Pandisha kila sehemu hadi asilimia 99.9 na zitakazokwama zitakuwa 2 tu. Hapo ndipo unapoelewa madhara ya spea feki. Plagi moja ya bei rahisi haiharibu chombo. Mazoea ya kuweka sehemu hafifu kidogo kila mahali ndiyo yanayokiangusha.

Ya pili ni ya upatikanaji. Chombo A kinaharibika kila baada ya siku 60, na kutengenezwa kwake kunachukua nusu siku, kwa sababu spea ipo duka la tatu kutoka gerejini na kila fundi anakifahamu. Chombo B ni imara mara tatu: kinaharibika kila baada ya siku 180, ila spea yake inaagizwa nje na inachukua siku 14. Chombo A kinapatikana kazini asilimia 99 ya muda wake. Chombo B asilimia 93. Hii ndiyo sababu mashine ya kifahari ya magurudumu manne inaweza kushinda pikipiki ya bodaboda kwa kila kipimo cha kiwandani, kisha ikakaa chini ya turubai wakati bodaboda iko njiani. Duka la spea, karakana ya kuchomelea na fundi aliyefundisha wanagenzi wake ni sehemu ya utegemevu wa chombo kama ilivyo pistoni.

Kufungua na kuacha

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo imetumika kuhalalisha kila sevisi duniani. Haisemi ufa upi, wala haisemi kwamba anayeziba anaweza kuupanua. Katika Vita Kuu ya Pili, mwanabiolojia C. H. Waddington na wenzake walichunguza ndege za doria za Uingereza zilizokuwa zikikaguliwa kila baada ya saa 50. Waligundua kwamba hitilafu zisizotarajiwa ziliongezeka mara tu baada ya ukaguzi, kisha zikapungua kadiri saa zilivyosonga. Ukaguzi wenyewe ulikuwa ukileta hitilafu. Muda kati ya kaguzi uliporefushwa, ndege ziliruka zaidi.

Mwaka 1978 F. Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United walitoa ripoti iliyobadilisha fani: kati ya sehemu za ndege walizozichunguza, ni asilimia 11 tu zilizoonyesha dalili za kuzeeka kwa namna ambayo kuweka ukomo wa umri kungesaidia. Tusiihamishie takwimu hiyo Pasua kama ilivyo. Pikipiki ina vitu vingi vinavyolika, kama cheni, matairi na brekishuu, na hivyo vinafaa kubadilishwa kwa kipimo. Lakini fundi anayefungua kabureta isiyo na tatizo kwa sababu tu ni siku ya sevisi, au anayelegeza tapeti zilizokuwa sawa na kuzikaza kwa kukisia bila fila gegi, anatakiwa kujua kwamba anacheza na uwazi wa sehemu za mia za milimita. Swali la kwanza la matengenezo ni kazi hii inazuia hitilafu gani, na tutajuaje kama imeizuia.

Gereji inaona nini

Mgeni katika taaluma hii huona gereji kuwa mahali pa kukusanyia takwimu, na ni kweli, kwa tahadhari mbili. Aina inayoonekana mara nyingi zaidi gerejini inaweza kuwa ndiyo iliyo nyingi zaidi barabarani. Kama kijiweni zipo Boxer 40 na Honda 4, na gerejini zimefika Boxer 10 na Honda 2, Boxer zitaonekana mbovu mara tano. Ukigawanya, robo ya Boxer na nusu ya Honda ndizo zilizoharibika. Tahadhari ya pili ni ya wasiofika. Pikipiki iliyokufa kabisa inalala nyuma ya nyumba Kibosho na haiingii kwenye hesabu ya fundi yeyote. Mtafiti anayeishia gerejini ameandika habari za waliopona na wanaotibika.

Tena kuna suala la nani analipa. Kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni, tayari kulikuwa na namna kadhaa za kumiliki chombo, na kila moja ina utunzaji wake. Dereva wa mkataba, anayejua kwamba akimaliza marejesho pikipiki ni yake, ana sababu ya kununua oili nzuri. Dereva wa hesabu, anayempelekea tajiri kiasi kilekile kila jioni, anajua chombo si chake na siku ya gereji ni siku ya hesabu isiyofika, kwa hiyo anasukuma hadi kikwame. Deiwaka anayeshika usukani kwa saa chache hana sababu hata ya kupima oili. Ni pikipiki moja, mlima mmoja, na umri tofauti kabisa wa injini. Mhandisi asiyeuliza kuhusu mikataba atakuwa akitafuta ndani ya silinda kitu kilichoandikwa kwenye karatasi.

Pa kuanzia

Kwa hiyo karibu, uwe mwanafunzi wa VETA, mwenye pikipiki mbili za hesabu, au mhandisi uliyetoka chuo na hujawahi kushika spana kumi. Fani hii bado haijaandikwa vya kutosha kwa mazingira yetu, na maswali yake makubwa yanaweza kujibiwa na watu wasio na maabara: sevisi ya masika iwe na tofauti gani na ya kiangazi, cheni hudumu kilomita ngapi kwenye njia za Uru ukilinganisha na njia za TPC, mkataba unaongeza maisha ya injini kwa kiasi gani.

Anza na daftari lenye safu saba: tarehe, kilomita, njia iliyotumika zaidi tangu mara ya mwisho, kilichoharibika, kilichobadilishwa na kama ni spea orijino, muda ambao chombo kilikaa bila kazi, na aina ya umiliki. Andika pia vyombo vilivyofika bila tatizo, kwa maana bila vyombo hivyo hakuna kugawanya. Usiandike "injini mbovu"; andika "plagi nyeusi, imebadilishwa, imerudi nyeusi baada ya siku 4 Marangu". Ukishakuwa na kurasa za miezi sita kutoka gereji moja, utaweza kumjibu yule mwenye fedha za kikoba. Jibu lako litakuwa refu kuliko neno moja, nalo litaanza kwa kumuuliza anataka kubeba nini, kwenda wapi, na nani ataendesha.